Ndege Hawajui Ijumaa

Alhamisi, 26 Juni

Tangu mume wangu Gershom azikwe sina mtu wa kugombeza humu ndani, basi nitakugombeza wewe, daftari. Usinijibu. Yeye pia alikuwa hajibu, alikuwa akisema "mh" tu, na hiyo "mh" ndiyo ninayoikosa. Shule niliacha darasa la nne nikamalizia ngumbaru kanisani, kwa hiyo atakayesoma hapa asinisahihishe. Kuandika najua, na kusema najua zaidi.

Leo Truphena amepita hapa Ngao kuwaona watu wake. Truphena anapika kwenye lango la kinu cha mpunga cha Athman kule Garsen, chapati na maharage, na habari zote za Garsen huanzia kwenye sufuria yake. Anasema Athman ametangaza kwamba wafanyakazi wake sasa watafanya kazi siku nne, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa kinu kimefungwa. Jumamosi na Jumapili kimefungwa kama zamani. Mshahara ni ule ule. Majaribio mpaka mwezi wa nane, halafu ataamua.

Nikamwambia, "Truphena, jua limekupiga."

"Haki ya Mungu, Mama Hulda! Siku nne! Na mimi Ijumaa chapati nimuuzie nani, mbuzi?"

Watu wa siku hizi wameharibika. Mimi nimelima ukingo wa mto huu siku saba, Jumapili napumzika saa za ibada tu, na hata mle kanisani nawaza nyani. Siku nne! Mungu mwenyewe alitumia sita. Mtu akilipwa kwa siku ambayo hakufanya kazi, mimi naita wizi.

Lakini Truphena alipoondoka nilikaa nikafikiri. Mume wa binti yangu ni fundi wa mashine kwenye kinu hicho. Amepanga chumba Garsen. Hulda mwenyewe ni muuguzi Hola, yuko huko na mtoto wao Muna, na huyo mume kila Jumamosi anapanda gari kwenda kwao Hola, Jumapili jioni anarudi. Kwangu hawafiki. Kila nikipiga simu, "Kazi, mama, kazi." Haya. Sasa kazi imekatwa mkia. Tuone watasema nini.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepika kambare kwa nazi, sufuria kubwa. Nimekula kidogo. Paka wa jirani amekula kilichobaki, na hakushukuru.

Jumapili, 29 Juni

Nimempigia Hulda baada ya ibada. Nikamuuliza mbona hawakuja, si nasikia kuna Ijumaa ya bure.

"Mama, hiyo ni ya kina Kenga kwenye kinu. Mimi wagonjwa wangu hawana Ijumaa. Nina zamu mpaka Jumapili."

"Na mumeo?"

"Amesema Ijumaa atakuwa anapumzika. Amechoka, mama. Mwache mtu apumzike."

Apumzike. Sikusema kitu. Nilisema, lakini baada ya kukata simu.

Nitaandika jambo hapa kisha nisilirudie. Zamani nilikuwa nikilala vizuri kwa sababu nilijua ni kazi inayowazuia. Kazi ilikuwa kama ukuta, nami nilikuwa nasema nyuma ya ukuta kuna watu wanaonitaka. Sasa upande mmoja wa ukuta umebomolewa, na nyuma yake hakuna mtu.

Jumatano, 2 Julai

Mpunga wa chini umeanza kuweka maziwa. Ule wa juu bado, kwa sababu maji ya mto yalipanda mara mbili nami nikapanda mara mbili. Ndege wameshapata habari. Nimefunga kamba na makopo, nimetandaza ule utepe wa kaseti za kwaya unaovuma kwa upepo wa kusi, nimefinyanga madongo ya kombeo. Dungu langu la kukaa juu na kuwinga ndege, ambalo Gershom alilijenga, mguu mmoja umeoza. Nimeufunga kwa gome la mti. La upande wa pili wa shamba bado ni zima, lakini mtu mmoja hakai madungu mawili.

Ijumaa, 4 Julai

Leo kuna la kuandika.

Nilikuwa juu ya dungu tangu alfajiri, manyunyu yanapita, kanga imelowa. Nikaona pikipiki imemshusha mtu barabarani. Akaja kwa ukingo wa shamba, upande wa mbali. Shati la kijani. Nikamjua kwa mwendo, maana anatembea kama mtu anayehesabu mawe. Ni yeye, mume wa Hulda.

Nikafunika uso kwa kanga, nikageuka nikatazama mtoni.

Siku hizi vijana wanashikana mikono na mama wakwe zao kama makarani, wanakula sahani moja, wengine nasikia wanapiga picha pamoja. Mimi sikulelewa hivyo. Na yeye ni Mgiriama, kwao pia wanajua heshima. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina, hawakai chini ya paa moja. Jina lake nimeliandika hapo juu kwa sababu alilisema Hulda. Mimi ninamwita Mkwe, na ninapomwita, siko mbele yake. Tangu walipooana, sijui kama tumewahi kuambizana maneno kumi, na hayo yalipita kwa Hulda.

Basi nikajiuliza, amefuata nini, na Hulda hayupo? Akaweka mfuko chini ya mgomba, akasogea hatua nyingi nyuma ili niuone. Halafu akapanda lile dungu la pili. Akaanza kuwinga ndege wangu.

Nilikasirika sana. Nilitaka binti, nimeletewa mkwe. Mtu ambaye siwezi kukaa naye, siwezi kumuuliza habari, siwezi hata kumgombeza vizuri! Ni kama kuwa na kiu ukapewa maji ndani ya chupa isiyofunguka.

Tukakaa hivyo, yeye kule, mimi huku, makopo yanalia katikati.

Jua lilipotoka nikaona kundi la wale wa mdomo mwekundu limeshuka upande wake, limetulia kama liko harusini. Yeye ametulia vilevile. Kichwa kimeanguka kifuani. Amesinzia! Nifanye nini? Kumwita kwa jina siwezi. Kumwendea siwezi. Na mpunga unaliwa.

Nikasimama nikapaza sauti kwa wale ndege. "Nyinyi ndege! Hamna adabu! Mnakula mbele ya mtu, eti kwa sababu amesinzia? Hamjui amekuja kwa nauli yake?"

Akaruka karibu aanguke. Akavuta kamba, makopo yakalia, ndege wakainuka wote. Kisha, bila kunitazama, uso juu angani, naye akapaza sauti.

"Nyinyi ndege! Mwambieni mwenye shamba hatukusinzia! Tulikuwa tunafikiri!"

Nimecheka, daftari. Nimecheka nikiwa nimeuma kanga ili asinisikie. Nikajibu, "Ndege waongo! Mtu anayefikiri hakoromi!"

Jioni alipoondoka nilifungua mfuko. Pumba za kuku, sukari, na msumari mrefu wa kutengenezea mguu wa dungu. Lazima aliuona umeoza siku nyingine akipita barabarani.

Bila shaka Hulda ndiye amemtuma.

Jumatatu, 7 Julai

Ndege wengi. Nimepiga kelele peke yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Amekuja. Nilimwachia chai ya tangawizi na ndizi za kuchemsha chini ya mgomba, kisha nikaenda mtoni mpaka akamaliza. Niliporudi, sahani ilikuwa imeoshwa. Imeoshwa na mwanamume! Nimeiosha tena.

Leo nimejua mengi kuhusu hiyo kazi ya siku nne. Niliwauliza ndege, "Nyinyi mnaofanya kazi siku nne, hamuoni aibu?"

Akawaambia ndege, "Msidanganywe! Siku hizo nne tunaingia gizani tunatoka gizani!" Anasema zamani Ijumaa nusu ya watu walikwenda msikitini, nusu waliobaki walikuwa wakiwangoja, na jenereta inakunywa dizeli bure ikizungusha magunia mawili matatu. Athman akaona afadhali afunge. Sasa Alhamisi jioni wanasafisha mashine yote, wanaipaka mafuta, na Jumatatu inawaka mara moja. Anasema hata vidole vya watu vimepona, kwa sababu mtu aliyechoka huingiza mkono mahali pasipo pake.

Gershom alikatwa kidole na panga siku ya uchovu, akasema "mh."

Nikawauliza ndege, "Na siku ya kupumzika, ndiyo ya kuja kuchomwa na jua kwenye shamba la watu?"

Kisha akasema, "Ndege, huku hakuna mashine. Huku masikio yanapumzika."

Masikio! Na mimi ninayepiga kelele kutwa nzima!

Jumatano, 16 Julai

Truphena amekuja kulia kwangu. Ijumaa lango la kinu halina mtu, hata mbuzi hawapiti. Vijana wa kubeba magunia wanalipwa kwa gunia, wao hawana mshahara ule ule. Wao siku ikikatwa, sahani imekatwa. "Wenye mshahara wanapumzika, Mama Hulda, sisi tunapumzishwa." Na wakulima wanaokuja kutoka Chara wakidhani Ijumaa iko wazi wanakuta kufuli, wanalala nje na magunia yao. Ishmael jirani yangu amekasirika zaidi, alirudi na mpunga wake bila kukobolewa.

Mwezi uliopita ningepiga meza pamoja na Truphena. Leo nilimpa unga na mboga nikasema pole. Na nilimaanisha pole. Lakini moyoni nilikuwa ninahesabu Ijumaa zangu kama mchoyo.

Ijumaa, 18 Julai

Nikawaambia ndege, "Kuna ndege mmoja kati yenu shati lake limefumuka bega. Hana mke?"

"Ana mke! Mke yuko zamu!"

"Basi atundike hilo shati, kabla jua halijaingia kwenye mfupa!"

Aliondoka na fulana ya ndani. Shati ameliacha limetundikwa kwenye mti wa dungu.

Jumanne, 22 Julai

Nimeshona bega. Uzi wa kijani sikupata, nimetumia wa bluu. Nimelifua pia, lilikuwa linanuka dizeli. Tangu Gershom, sijaanika nguo ya mwanamume kwenye kamba ile. Nilipita mbele yake mara nyingi leo bila sababu.

Ijumaa, 25 Julai

Shati nililitundika kwenye dungu lake, amelivaa pale pale. Akawauliza ndege nani fundi huyu aliyeshona bahari kwenye shati la nyasi. Nikawaambia ndege wenye shukrani hawachagui uzi.

Leo tulizungumza mpaka sauti ikakauka. Muna ameanza kusoma kwa sauti. Mbu Hola ni wengi. Hulda analala akiwa ameketi akitoka zamu. Mambo haya yote nilipaswa kuyajua kutoka kwa binti yangu, na nimeyajua kutoka kwa ndege.

Ijumaa, 1 Agosti

Hakuja.

Nilimngoja na chai chini ya mgomba. Nilijiambia pikipiki zimekosa mafuta. Nikajiambia mvua, na mvua haikuwapo. Nikawa natazama barabara badala ya kutazama anga, na hilo ndilo kosa langu la leo. Walikuja kutoka upande wa mto, kundi kama moshi, likafunika jua. Likashuka upande wa dungu la pili, ambako hakuna mtu.

Nilivuta kamba, kamba ikakatika. Nilirusha madongo mpaka yakaisha, nikarusha viatu. Nikateremka nikakimbia ndani ya mpunga, mimi na magoti yangu haya, ninapiga sufuria kwa mwiko. Wanainuka huku, wanashuka kule. Nikapiga kelele, "Nyinyi ndege! Mnajua hayupo! Nani amewaambia hayupo?" Nikasikia sauti yangu inakwenda mpaka ng'ambo inarudi vilevile, hakuna iliyojibu. Nikaanguka. Nilikaa kwenye tope muda mrefu kidogo. Wao waliendelea kula karibu nami, kwa starehe, kana kwamba mimi ni kisiki.

Kona nzima ya juu imebaki majani tu. Naandika kwa hasira. Ni hasira tu.

Siku nne mwanamume anafanya kazi, ya tano anapumzika, na ya kupumzika ni yake. Nani alimwambia aje? Hakuna aliyemwita. Mimi nilikuwa nawinga ndege kabla hajazaliwa.

Jumapili, 3 Agosti

Jana Truphena alisema mashine kubwa ilivunjika Alhamisi usiku, na mafundi wote walishinda Ijumaa ndani ya kinu mikono myeusi. Watu wanaanza kusema, haya, siku nne hizo, kikivunjika kitu wiki yote imekwisha. Kumbe si kwamba hakutaka. Nilijiona mjinga, nikaenda kuwapa kuku pumba.

Leo Hulda kapiga simu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida. Sauti ya chini.

"Mama, nina neno. Usimwambie mtu. Nadhani Kenga ana mwanamke."

"Mwanamke wa wapi?"

"Sijui. Kila Ijumaa simu yake haipatikani kutwa. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa akipumzika. Jumamosi anafika hapa ameungua na jua, hana sauti, na juzi alikuja na shati limeshonwa bega. Uzi wa bluu, mama! Nani amemshonea? Na analala anacheka!"

Nikakaa juu ya kinu cha mkono, nacheka ndani ya kanga.

"Mama? Unalia?"

"Hulda," nikasema, "ana mwanamke kweli. Mwanamke huyo ana miaka sabini na miwili, meno ya mbele hana, na anawinga ndege."

"Mama! Wewe?"

"Si wewe uliyemtuma?"

"Mimi simtumi popote. Sikujua. Angeniambiaje? Angeanzaje kusema kwamba anakaa na mama mkwe wake? Ningemwambia amekosa adabu!"

"Hatukai. Yeye kwenye dungu lake, mimi kwenye langu."

Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Alisema atakuja akipata likizo. Nimemwambia sawa.

Hakumtuma. Nimelala na neno hilo moja kama mtu anayelala na jiwe la moto tumboni wakati wa baridi. Mtu alipewa siku ambayo si ya tajiri wala ya mke wala ya mtoto. Akaileta hapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nikawaambia ndege, "Mke wenu anajua!"

Kule kwenye dungu la pili kamba ikamtoka mkononi. Kisha sauti ndogo sana, "Ndege… amekasirika?"

"Amecheka! Lakini wekeni simu wazi, wapumbavu nyinyi!"

Alipoona kona iliyoliwa, alisimama pale muda mrefu. Aliunga kamba zote zilizokatika, akaweka na mbili mpya.

Jumanne, 12 Agosti

Mkutano kwenye kinu. Ishmael alikusanya wakulima tangu wiki iliyopita, wote tuliotakiwa kupeleka mpunga msimu huu, tukamwambie Athman afungue Ijumaa. Mimi sikutaka kwenda. Nilikwenda.

Kinu chote ni ukumbi mmoja, na Mkwe alikuwa amesimama na wafanyakazi karibu na mashine. Mimi nikajibanza nyuma ya magunia, kanga usoni, kama mwizi wa kuku. Truphena akaninong'oneza, "Mama Hulda, utamsikia nani huko?" Nikamwambia masikio hayana haja ya macho.

Ishmael alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alieleza wa Chara wanaolala nje, mpunga unaolowa ukaota ndani ya gunia. Kijana wa kubeba akasimama akasema, "Bosi, mimi Ijumaa nakaa nyumbani, lakini tumbo halikai nyumbani." Watu wakapiga makofi. Athman akajibu kwamba kwa siku nne wamekoboa sawasawa na walivyokuwa wakikoboa kwa tano, na wagonjwa wamepungua, na mashine imevunjika mara moja tu. Ishmael akasema, "Athman ndugu yangu, mtu akilipwa kwa siku ambayo hakufanya kazi, mimi naita wizi."

Wakacheka, wakashangilia. Nikashtuka. Maneno hayo ni yangu, neno kwa neno. Nilikuwa nikiyaona mazuri. Kumbe yana sura mbaya yakitoka kinywani mwa mwingine.

Sijui nani alinisukuma. Nikasimama nyuma ya magunia yangu. "Mimi nina neno."

Athman akatafuta sauti inatoka wapi. "Nani huyo? Ah, Bibi. Sogea mbele, Bibi, tukuone."

"Sisogei. Nina sababu zangu."

Wakacheka tena. Nikasema mimi mpunga wangu nao utataka kukobolewa, na lango likifungwa nitaumia kama Ishmael, na Truphena huyu ameumia tayari, na vijana wa magunia wanalia haki yao, mtu asijifanye hawaoni. "Lakini Ijumaa msiichukue yote."

Ishmael akageuka. "Mama Hulda, wewe hujaajiriwa. Ijumaa inakusaidia nini?"

Ningesemaje? Mkwe amesimama pale pale.

"Ndege," nikasema.

"Ndege?"

"Ndege wangu. Siku zote za wiki wanafukuzwa na mtu mmoja. Anapiga kelele, sauti yake inakwenda ng'ambo inarudi ile ile. Ijumaa inarudi nyingine. Basi. Nimemaliza."

Watu walitazamana. Mmoja akasema bibi kazeeka. Lakini upande wa mashine nikasikia mtu anakohoa, anakohoa, kikohozi cha mtu aliyemeza kitu kikubwa, akatoka nje. Truphena akanishika mkono chini ya kanga na hakuuachia mpaka mwisho.

Athman akasema atafikiri.

Ijumaa, 15 Agosti

Mavuno yameanza. Wanawake wa kanisani wamekuja kusaidia kukata. Naye amekuja, amebeba mafungu mgongoni kutwa. Shamba lilijaa watu na ndege wameondoka, maana nafaka imekatwa. Hatukuambizana neno lolote. Kwa nani ningelisema? Nilimwona kwa mbali anaangalia angani mara kwa mara, kama mimi.

Jumanne, 19 Agosti

Tumemaliza kukata. Magunia si mengi, kona ile ilikula haki yake. Shamba ni visiki tu. Upepo umekauka.

Jumatano, 20 Agosti

Athman ameamua. Truphena alikuja anakimbia. Siku nne zitabaki, lakini kinu hakitafungwa Ijumaa tena. Wafanyakazi wamegawanywa mafungu mawili. Wengine wanapumzika Ijumaa, wengine Jumatatu. Wabebaji wamerudishiwa siku yao. Truphena amenibusu mashavu yote mawili, mikono ina unga.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, "Na mafundi wako fungu gani?"

"Hata sijui, Mama Hulda. Niulize?"

"Uulize kwa nini? Mimi inanihusu nini?"

Hulda nikimpigia atajua ninangoja. Sipigi.

Ijumaa, 22 Agosti

Chai chini ya mgomba, tangu asubuhi. Imepoa. Imeingia siafu.

Jumamosi, 23 Agosti

Na hata angekuwa na Ijumaa, angekuja kufanya nini? Ndege hawapo. Mtu haendi kwa mama mkwe wake kumtazama. Ni mpunga uliokuwa ukituruhusu. Mpunga umekwisha.

Jumapili, 24 Agosti

Ibada. Nimerudi. Nimekula wali mpya peke yangu. Mtamu.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilikuwa nyuma ya nyumba ninapepeta. Nikasikia makopo yanalia shambani.

Nikadhani ng'ombe wameingia. Nikachukua fimbo nikaenda. Dungu la pili lilikuwa na mtu juu yake. Shati la kijani, bega la bluu. Anavuta kamba kwa nguvu juu ya visiki vitupu, uso wake juu, anapaza sauti mpaka ng'ambo.

"Nyinyi ndege! Hamna haya! Mpunga umekatwa na bado mko hapa? Mlidhani tunakuja Ijumaa tu? Tumepewa Jumatatu!"

Nilitazama anga. Bluu, safi, hata kunguru hakuna.

Nikafunika uso kwa kanga. Nikapanda dungu langu, ule mguu wenye msumari wake ukanishika vizuri.

"Ndege nyinyi!" nikasema. "Chai ya Ijumaa imeliwa na siafu! Mtasubiri nichemshe nyingine!"

"Tutasubiri! Tuna kutwa nzima!"

Hapakuwa na ndege hata mmoja. Tuliwafukuza mpaka jioni.